Shajara ya mradi: Tom Sawyer bila pleibaki

Siku ya 1

Haya naanza kuandika, maana Dogo kasema tusipoandika popote huu mradi utakufa kimya kimya kama ule wa kware. Mradi wenyewe ni hivi: watu watatu, gereji moja Tabata, tupige Tom Sawyer, wimbo wa bendi ya roki ya Rush, mwanzo mpaka mwisho live, teki moja, simu mbili ndo kamera, hakuna pleibaki wala kuunga vipande baadae. Mi besi, kuimba na kinanda. Dogo gitaa, ana miaka 26. Mjomba drams, ana 61, kapiga dansi tangu miaka ya 80 kwenye bendi zaidi ya tatu na vidole vyake vimekomaa kama tangawizi.

Ilianzaje sasa. Mwezi uliopita kituo fulani cha TV kilituita kwenye kipindi chao cha usiku, tukakodi kirikuu tukapakia drams, ampu, kila kitu, tumefika getini jasho linatutoka, produsa kijana mdogo tu anatuangalia anasema "hizo ngoma za nini tena wazee, si mngekuja na flashi tu?" Yani walitaka wimbo uwekwe kwenye kompyuta sisi tusimame pale tuchezeshe midomo na vidole. Drams zingekaa kama urembo. Dogo alikuwa tayari, mi nilikuwa nusu nusu, Mjomba hakusema kitu, akageuka akapanda nyuma ya kirikuu akakaa pembeni ya ngoma yake kubwa ya mguu kaiwekea mkono kama mtu anayembembeleza mtoto. Tukarudi nyumbani. Elfu 45 ya kirikuu imeenda hivyo.

Usiku ule nikawaonyesha ile klipu ya Rush wakiipiga Tom Sawyer kwenye kipindi cha TV cha mchekeshaji wa Marekani, Stephen Colbert. Mjomba kaangalia mara tatu kimya, ya nne ndo akasema "hawa wanapiga kweli." Mradi ukaanzia hapo.

Siku ya 2

Niweke kumbukumbu sawa, maana hata Dogo alikuwa anadhani Rush ni Wamarekani. Ni wa Toronto, Kanada. Bendi ilianza 1968, mpiga drams Neil Peart akaingia Julai 1974 na toka hapo walikuwa walewale watatu, yeye na Geddy Lee besi na sauti na Alex Lifeson gitaa. Hapa kwetu kwenye dansi mwanamuziki akikaa bendi moja miaka minne bila kuhamia kwa wapinzani watu wanamuuliza kama anaumwa. Hawa walikuwa na miaka 34 pamoja ile Jumatano ya 16 Julai 2008 walipoingia studio ya The Colbert Report, mtaa wa West 54th, New York. Geddy na Alex 54, Neil 55. Na habari iliyoandikwa kila mahali wiki ile ilikuwa kwamba ni mara yao ya kwanza kutokea kama bendi kwenye TV ya Marekani baada ya miaka 33.

Miaka 33 bana! Watu wanajaza viwanja, wanauza albamu kwa mamilioni, ila TV wameonekana zile siku za kwanza kabisa katikati ya miaka ya 70, basi, kimya mpaka nywele zimepungua. Wengine wanasema TV iliwadharau, wengine wanasema wenyewe walikuwa hawaitaki, mi naona hata wangetaka wangepiga nini? Ile 2112 yao ya 1976 ni dakika 20 na ushee, upande mzima wa santuri. Kipindi cha Colbert chenyewe kilikuwa nusu saa, toa matangazo zinabaki kama dakika 22. Wimbo mmoja umekula kipindi, mtangazaji anasema habari za jioni na usiku mwema.

Colbert alijua hilo na ndo alilowatania nalo kwenye mahojiano. Aliwauliza kama wamewahi kutunga wimbo mrefu kiasi kwamba mkifika mwisho mnajikuta mmeathiriwa na muziki wenu wenyewe wa mwanzo wa wimbo, maana ulipigwa zamani sana. Nilivyomtafsiria Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Akasema hiyo ni sisi kabisa, wimbo wa dansi unaanza taratibu unasimulia kisa chote cha mke na mume na mashangazi, halafu ndo unaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, na chemko ukumbini watu wakiwa wamekolea inaweza kwenda mpaka mpiga besi anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Af mkienda studio mnaambiwa baneni. Mjomba anasema kila walipobana walikata chemko, na chemko ndo watu walilipia kiingilio.

(By the way Msondo Ngoma walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, kwa hiyo ni wakubwa kwa Rush kwa miaka minne. Shikamoo Msondo.)

Basi Rush hawakuhitaji kubana kitu. Walichagua Tom Sawyer, ya kwenye Moving Pictures ya 1981, dakika nne na nusu hivi, ina kila kitu chao ndani, mngurumo wa kinanda, sauti ya juu, zile saba saba za katikati (hesabu ya mapigo saba badala ya manne), mikimbio ya drams. Hakukuwa na haja ya kukata kwa sababu tayari ilikuwa fupi. Huu ujanja nimeupenda sana.

Siku ya 5

Saba. Leo tumeshindwa na saba.

Wimbo unaenda nne nne kawaida, halafu katikati kinanda kinaingia na ule mstari wake na hesabu inageuka saba. Dogo anaisikia tu, hahesabu, vijana hawa sijui wamezaliwa na nini. Mimi na Mjomba ndo tunazama. Tumejaribu kuhesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne tano sita saba, haiwezekani, na tatizo ni Kiswahili chenyewe, kila namba ina silabi mbili, ukisema "sita" wimbo umeshakuacha kituoni. Kwa kizungu wanasema wan tuu thrii wanapita. Mjomba akajaribu mo, mbi, ta, nne, ta, si, sa, akachanganya ta ya tatu na ta ya tano tukarudi mwanzo. Mara kumi na kitu.

Saa kumi jioni mke wangu kaleta chai gereji, Mjomba kachungulia sahani, kasema kwa ile sauti yake ya kulalamika "chai na mandazi tu?" na Dogo karuka juu kama kapigwa shoti.

Cha-i na-ma nda-zi-tu. Hesabu mwenyewe. Mbili, mbili, tatu. Saba kamili, na mkazo unaangukia penyewe kwenye "nda". Tumeipiga hivyo mara sita mfululizo bila kupotea, Mjomba anaisema kwa mdomo huku mguu unafuata. Watoto wa jirani wamejazana mlangoni wanacheka wazee wanaimba chakula.

Siku ya 9

Mkono wa kulia wa Mjomba. Kwenye beti Neil anapiga hai-hati (yale matasa mawili yanayofungwa kwa mguu) mara nne za haraka ndani ya kila pigo kwa mkono mmoja, mkono mmoja!, mwendo wa kama mapigo 88 kwa dakika, wakati sneya na mguu wanaendelea na mambo yao. Kwenye dansi hai-hati ni kazi ya kupumzikia. Mjomba anafika kwenye kiitikio bega limekaza, jana usiku kajipaka dawa ya misuli mpaka shangazi kamfukuza chumbani.

Nikamwambia kitu nilichokisoma kuhusu Neil mwenyewe. Kwanza alikuwa anakiri kwamba Tom Sawyer haijawahi kuwa rahisi kwake hata baada ya miaka yote ile. Pili, 1994 hivi, ameshapita 40, tayari wapiga drams dunia nzima wanamuiga, akaamua kurudi kuwa mwanafunzi kwa mzee mmoja wa jazz anaitwa Freddie Gruber, kufundishwa upya jinsi ya kushika fimbo na kukaa kwenye kiti. Halafu yakamkuta makubwa, 1997 binti yake kafa kwa ajali ya gari, mwaka uliofuata mke wake kwa saratani, akaacha drams kabisa, akapanda pikipiki akatembea kama kilomita elfu 88. Bendi ikanyamaza. Walirudi na albamu 2002.

Mjomba alisikiliza yote hayo huku anajikanda bega. Mi nilidhani atasema kitu kuhusu msiba. Akauliza "huyo mwalimu wake alimwambia akae vipi?"

Tumeshusha kiti sentimita nne. Inasaidia.

Siku ya 11

Luku imeisha katikati ya solo ya Dogo. Nimenunua za elfu kumi, nikakosea kuingiza tarakimu mara mbili gizani. Tumelala.

Siku ya 16

Miguu yangu. Hii ndo siri ya Rush ambayo mtu akisikiliza tu haijui, watatu wanasikika kama watano kwa sababu Geddy anaimba, anapiga besi, anahamia kinanda, na wakati huohuo chini kuna pedo anazikanyaga zinatoa sauti nyingine. Kwenye rekodi ule mngurumo wa mwanzo ni sinthesaiza ya Oberheim. Sisi tuna kinanda cha kwaya nilichoazima kwa masharti kirudi kabla ya mazoezi ya Jumamosi tarehe tuliyokubaliana, na kikinanda kidogo cha mtoto cha Dogo.

Hicho kidogo tumekilaza chini juu ya kreti la soda. Viatu navua. Noti tatu ninazohitaji Dogo kazizungushia karatasi gumu na gundi ziwe nene, nikanyage kwa dole gumba la mguu. Leo dole limeteleza likakanyaga mbili kwa mpigo ikatoka sauti kama honi ya basi la mkoani. Af nikiangalia chini nasahau maneno, nikiangalia maiki mguu unapotea, na besi nayo ina mambo yake. Kuna sehemu natakiwa kuiacha besi nipige kinanda kwa mikono yote na hakuna anayebaki kwenye besi isipokuwa huyo mguu wangu wa kushoto. Nimeiangalia klipu tena nikimtazama Geddy peke yake. Ana uso wa mtu anayepika ugali huku anaongea na simu. Kazoea tu.

Tumeshusha tyuningi nusu, sauti yangu haifiki kule. Nisihukumiwe.

Siku ya 17

Ya kucheka. Dogo kauliza mbona kwenye picha za ziara yao ile ya 2007 na 2008 nyuma ya Geddy kuna majiko ya kuchoma kuku. Ni kweli. Geddy aliacha kutumia maspika ya besi jukwaani, sauti inaenda moja kwa moja kwenye mitambo na yeye anajisikia kwenye vidude vya masikioni, sasa upande wa Alex kuna ukuta wa ampu na upande wake kumebaki uwanja. Akaanza kujaza vituko. Mwanzo friji, baadae mashine za kukaushia nguo, na ziara hiyo majiko ya kuku wanaozunguka. Watu wazima wenye heshima zao.

Mjomba kasema nyuma yake tuweke jiko la mkaa na mahindi. Dogo kachukulia serious anatafuta jiko.

Siku ya 22

Mazoezi hayakuwepo (Mjomba kaenda msibani Morogoro) kwa hiyo nimeiangalia klipu nikiwa na hedifoni nikaandika ninachokisikia.

Kwanza neno live lenyewe. Kipindi kilikuwa kinatoka saa tano na nusu usiku kwa saa za New York, ambayo huku kwetu ni kumekucha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wapo stendi. Ila vile vipindi vya usiku vya Marekani vingi havifanyiki usiku, vinarekodiwa jioni mbele ya watu, vinarushwa baadae. Kwa hiyo live maana yake si kwamba inarushwa muda uleule. Maana yake ni kwamba mikono inayoonekana ndiyo inayotoa sauti inayosikika. Nimefikiria sana kuhusu yule produsa na flashi yake, yeye kipindi chake kilikuwa kinarushwa moja kwa moja kweli, palepale, na pleibaki. Sisi ndo tumeyageuza.

Pili ukubwa wa chumba. Colbert hakuwa na bendi ya studio kama vipindi vingine vya usiku, ni kipindi cha utani wa siasa, yeye anaigiza mchambuzi wa mrengo wa kulia asiyeambiwa kitu, studio ya watu mia na kidogo. Rush wamezoea uwanja ambapo ngoma ikipigwa sauti inaenda inarudi inakuta ya pili njiani. Kwenye chumba kidogo hakuna pa kujificha, kila fimbo inasikika ilipogusa. Nilivyosikiliza kwa hedifoni nikagundua drams ziko kavu, karibu, kama mtu anapiga meza yako. Ndo maana Mjomba alisema wanapiga kweli. Kwenye uwanja usingejua.

Tatu, na hii ni maoni yangu tu. Watu wanaisifia ile siku kwa sababu ya utani, kwamba wazee waliokuwa wanaonekana wagumu kumbe wanacheka. Sawa. Ila naona kilichotokea ni kwamba kuna kizazi kizima kilikuwa kinawajua kwa kusikia tu, au kwa kuwatania, na sasa kwa mara ya kwanza kinawaona vidole. Mwaka uliofuata na ule mwingine wakaanza kuonekana kila mahali, filamu ya maisha yao ikatoka 2010, 2013 wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa roki, ambako walikuwa wamesahauliwa miaka mingi. Sisemi ni Colbert aliyefanya hayo. Nasema ukionekana unapiga, mjadala unabadilika.

Neil alifariki Januari 2020. Kuna sehemu kwenye klipu mkono wake unapita juu ya ngoma zote kutoka kushoto kwenda kulia na uso haujabadilika hata kidogo, nimeirudisha labda mara kumi na tano, hedifoni zikaanza kuuma masikio.

Siku ya 26

Mjomba karudi. Hajagusa fimbo siku tano, akakaa, akapiga kama vile hajaondoka. Mi ndo nimeharibu. Kinanda cha kwaya kinatakiwa keshokutwa, mwalimu wa kwaya kanipigia mara mbili, "mpendwa, tunakumbushana tu."

Siku ya 27

Leo ndo leo. Tumeanza saa tatu asubuhi kabla jua halijapiga bati maana baada ya hapo gereji ni tanuri. Simu moja nimeifunga kwenye fimbo ya feni, nyingine Dogo kaiegemeza kwenye debe la rangi. Magodoro mawili ukutani kupunguza mwangwi. Jiko la mahindi tumeliacha, Mjomba kasema moshi utamkereketa.

Teki ya 1: dole gumba. Honi ya basi. Tumecheka tukakata.

Teki ya 2: ilikuwa nzuri kweli mpaka dakika ya tatu, muuza samaki kapita na honi yake ya baiskeli, Dogo kageuka kumwangalia, gitaa likabaki hewani. Dogo kaomba radhi, Mjomba kamwambia angalia mbele mwanangu, samaki hawataisha baharini.

Teki ya 3: simu ya kwenye debe imejaa. Sikugundua mpaka tumemaliza. Ilikuwa bora kuliko zote na haipo. Nimetoka nje nikasimama kidogo.

Tumepumzika nusu saa. Mjomba kaweka taulo la maji begani. Nimefuta video za harusi ya binamu kwenye simu, atanisamehe, zipo na kwa mama yake.

Teki ya 4: nimeingia na mngurumo, mguu umekaa, hai-hati ya Mjomba imekaa, sijawahi kuisikia imekaa vile. Beti la kwanza nimepita, sauti imepasuka kidogo pale juu nikaendelea. Kwenye saba nimeiacha besi nikahamia kinanda na hapo ndo watoto wa jirani, ambao walikuwa wamekaa kimya mlangoni kwa ahadi ya soda, wakashindwa, wakaanza wote kwa pamoja CHAI NA MANDAZI TU, CHAI NA MANDAZI TU, kwenye mapigo yenyewe, sio nje. Mjomba katabasamu, akachelewa kurudi kwenye nne kwa kama nusu pigo, akaliokota, tukamaliza. Dakika nne na sekunde 41.

Tumeisikiliza kwenye spika ya gari. Pale kwenye nusu pigo panasikika, na sauti za watoto zinasikika kuliko gitaa. Dogo anataka teki ya 5. Mi nikamwangalia Mjomba. Mjomba alikuwa ameshaanza kufungua skrubu za ngoma.

Siku ya 28

Kinanda kimerudi kwa kwaya, nimekipangusa. Soda za watoto elfu saba. Faili ni GB 3 na kitu, bando la mchana litaniua, la usiku linaanza saa sita. Nasubiri.